Siku Moja Aliyoomba Mpole

Benchi lenyewe ni ubao wa nyuma wa lori lililokufa zamani, umelazwa juu ya rimu mbili nje ya geti la yadi ya mitambo iliyotumika. Ukikaa hapo unauona uwanja wote kupitia nondo za geti: greda lisilo na tairi, majenereta yaliyofunikwa maturubai, ofisi ya bati yenye dirisha moja, na katikati, kwenye tope la mvua ya juzi, kijiko cha manjano, mtambo wa kuchimbia, kimeinamisha mkono wake mrefu kama mtu aliyekataa kusalimia. Benchi lina sheria moja, nayo haijaandikwa popote: birika likishafunguliwa, hakuna fundi anayeinuka kwenda kushika spana mpaka liishe. Mafundi wanasema kazi ya mitambo inataka kichwa kilichotulia. Wenye mitambo wanasema ni uvivu mtupu. Mwenye birika ni mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, kanga kiunoni, ambaye jina lake analo lakini pale wote humwita Shemeji, kwa kuwa mumewe, Mpole, ndiye opereta wa kile kijiko.

Asubuhi hiyo Shemeji alimimina kahawa ikapita nje ya kikombe, ikamwagikia kiatu cha Skana.

— Shemeji, kiatu hakinywi, Skana alisema.

— Samahani, kaka. Mkono tu.

Mkono tu, alisema, lakini haukuwa mkono. Alfajiri alikuwa amechota mchele ampikie mtoto uji, kikombe kikagonga kitu kigumu ndani ya ndoo, akadhani ni jiwe, akafukua, na haikuwa jiwe. Lilikuwa boksi la chuma jepesi, upana wa daftari la shule, upande mmoja una mdomo uliojaa vipini vyembamba kama meno ya samaki, linanuka dizeli. Akalifukia tena haraka haraka, akafunika ndoo, akaweka sufuria juu ya ndoo na juu ya sufuria akaweka mwiko, sijui mwiko ungemzuia nani, na mtoto akanywa chai kavu. Mpole alikuwa ameshaondoka bila hata kunawa uso vizuri. Sasa Mpole alikuwa ofisini, anaonekana dirishani, kichwa chini, na Tajiri mwenye yadi anatembea mbele yake kwenda na kurudi. Tajiri alishatangaza getini, kila mtu akasikia: adhuhuri ikifika hajaambiwa nani kakichezea kijiko chake, anaita polisi, na anaanza na mwenye ufunguo wa kibanda cha kijiko, kile anachokalia opereta. Na mwenye ufunguo wa kibanda ni mmoja tu.

— Mimi nimekiuliza, akasema Skana, akishika kile kifaa chake cha kusomea hitilafu kinachoning'inia shingoni kwa kamba. Yeye ni fundi umeme, na jina alipewa na hicho kifaa.— Nimekiuliza jana, nimekiuliza leo. Jana kilisema kosa ni sensa, kile kipimo cha presha ya pampu. Nikabadilisha sensa. Kikasema tena sensa. Nikabadilisha na ya pili. Kikakasirika, kikaanza kutupa mkono hovyo, injini inapanda inashuka kama mtu mwenye kwikwi. Leo unageuza ufunguo, taa zinawaka, injini kimya. Nikichomeka kifaa kinaniandikia: hakuna mawasiliano na boksi.

— Boksi gani? aliuliza Kamanda. Huyu ndiye mlinzi wa geti, mwenye filimbi na koti la mvua hata jua likiwaka.

— Boksi la kompyuta. Ubongo wake. Liko nyuma ya kiti, ndani ya kifuniko. Ndilo linaloiambia pampu fanya hivi, injini fanya vile.

Shemeji akainama kupuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

— Basi limenuna, akasema Grisi.

Grisi ndiye mkubwa wao, fundi wa tangu mitambo haijaanza kuwa na skrini, kucha zake nyeusi hata siku ya arusi. — Usinicheke, kijana. Hakuna mawasiliano maana yake nini? Maana yake limenuna. Mke wangu akinuna, hakuna mawasiliano, na yumo ndani.

Wakacheka. Shemeji naye akacheka kidogo, asije akaonekana hajacheka.

— Mzee Grisi, hii ni elektroniki, sio ndoa, Skana akasema.

— Kijiko hiki kilikuwa na opereta wake huko ng'ambo kilikotoka, si ndiyo? Miaka mingi wako pamoja. Hujaona maandishi ya kwenye skrini? Kama kuku amepita kwenye tope. Kimezoea lugha ile na mkono ule. Leo anakaa Mpole wa watu, anakiamrisha kwa mikono ya kigeni. Wewe ungeitika?

— Na hizo siku zote kilichimba kikiwa kimeitika nini?

— Kilikuwa kinamvumilia, akasema Grisi, akanywa.

Kamanda akasogea, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama na juu. — Nyie mnacheza. Mimi nimekaa geti hili, najua vinavyoingia. Hicho kijiko kiliibwa huko. Mwenyewe amekitafuta, amekitafuta, akakiona kwa setilaiti kiko hapa kwetu kwenye tope. Akabonyeza kitufe akiwa kwenye kochi lake. Kwisha.

— Hiyo inawezekana, Skana alikubali upesi, maana nadharia yoyote ambayo haikumgusa yeye na sensa zake mbili ilikuwa nzuri.— Mitambo ya siku hizi ina laini ndani. Inapiga simu.

— Inapiga simu?

— Inapiga. Inasema leo nimechimba wapi, nimekunywa dizeli kiasi gani, nani kanikalia.

— Sasa kama inasema, Kamanda akashusha sauti, inasikia.

Wote wakageuka kutazama kijiko. Kijiko hakikusema kitu. Lakini kuanzia hapo wakaongea kwa kunong'ona, mabega yamekutana, na Grisi, ambaye haamini elektroniki, ndiye aliyegeuza mgongo ili midomo yake isionekane kutoka kwenye kibanda.

— Sikilizeni, akanong'ona Kamanda. Hayo ya setilaiti tuyaweke kando. Mtu wa nje hawezi kitu bila mtu wa ndani. Jana jioni mimi nilikuwa getini. Kuna mtu alitoka wa mwisho, jua bado kali, joto la kuivisha yai, na koti amelikunja kwapani. Koti. Kwa joto lile. Na alivyolibana, akasema akibana kwapa lake kuonyesha, utadhani amebeba mtoto.

— Nani huyo? Skana akauliza.

Kamanda akamtazama Shemeji, akatazama kikombe chake, akakohoa. — Mtu. Sikumkagua. Nilimheshimu.

Heshima hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa. Shemeji akajua, nao wakajua kwamba amejua, akamimina kahawa kwenye vikombe ambavyo havijaisha, na moyoni anasema koti, koti lile la kahawia, nimelikuta msumarini leo lina mafuta kwenye bitana nikadhani ameegemea mtambo. Mpole, umefanya nini? Mtu ambaye ukimuuliza umeshiba anafikiri kwanza ndipo ajibu! Mtu aliyerudisha kuku wa jirani aliyekuja mwenyewe! Au ndio hao hao, wapole ndio hao, na mimi ndiye mjinga wa mtaa mzima?

— Spea za mtambo kama huu zina soko, Skana alisema taratibu, kama mtu anayetupa jiwe kisimani asikie kina.— Kupata mpya ni kazi. Mtu akiwa nazo mkononi, hakosi mteja.

— Na kuna jingine la kushangaza, akasema Kamanda. Mmemsikia anachomwambia Tajiri tangu asubuhi? Mimi nilipeleka funguo za geti ofisini, nikamsikia kwa masikio yangu. Hakatai, hakubali. Anasema: "Bosi, nipe siku moja." Basi. "Siku moja tu." Siku moja ya nini?

— Mtu asiye na kosa anaomba siku moja ya nini? Grisi akarudia, akatikisa kichwa.

— Ya kutafuta mteja, Skana akasema, kisha akaona haya. — Shemeji, si kwamba tunamsema mtu.

— Hapana, kaka. Mnaongea tu.

— Tunaongea tu.

Shemeji akatazama dirisha la ofisi. Tajiri alikuwa ameketi sasa, simu iko mezani mbele yake, anaigeuzageuza. Siku moja. Angeuza kwa siku moja? Kwa nani, na yeye hana rafiki hata wa kumnyoa nywele? Na mtu anayetaka kuuza atafukia mali kwenye mchele wa uji wa mwanawe, mahali ambapo mkewe lazima atie mkono? Si angeificha darini? Si angeificha chini ya mawe ya bafuni? Mawazo yalimjia mbio mbio, moja halijakaa lingine limelisukuma, na mtoto mgongoni akaanza kujinyonganyonga kana kwamba anayasikia.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mgeni, buti za mpira hadi magotini, mwavuli kwapani, akasalimia benchi zima, akauliza kama ndipo panapokodishwa kijiko. Mtaani kwao wanataka kuchimba mtaro wa bomba la maji.

— Ndipo, Kamanda akajibu. Lakini kinaumwa.

— Kinaumwa nini?

— Aa, mama, kaa kwanza. Ni hadithi.

Akakaa. Shemeji akampa kikombe. Na kwa sababu mgeni ni masikio mapya, wakaanza upya kwa zamu, nadharia zikakua zaidi kuliko mara ya kwanza: setilaiti sasa zilikuwa mbili, zinashindana, opereta wa zamani alikuwa amekufa, kijiko kinaomboleza, na Skana akagundua kwamba huenda yadi ya jirani wana rimoti.

— Rimoti ya televisheni hiyo, Grisi akamkata.

— Mzee, wewe hata simu huna!

— Na sina shida! Simu yako imekupa nini? Ya Kamanda hii, juzijuzi si ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoga?

— Ikatumbukia, Kamanda akasema, akaitoa mfukoni kwa fahari, kioo kimepasuka kona zote.— Ikafa kabisa. Kila mtu akasema nunua nyingine. Nikaifukia kwenye mchele mkavu, nikaiacha siku moja nzima, mchele ukanyonya maji yote. Ikafufuka. Sikiliza mlio.

Ikalia.

— Na unajua nani alinifundisha? Mpole huyo huyo. Aliniambia: usiiwashe, usiiguse, fukia kwenye mchele, ipe siku moja.

Birika likamtoka Shemeji mkononi, akalidaka kwa goti.

Mvua ya juzi. Mpole yuko nyumbani mchana, tonge mkononi, mvua ikapiga bati ghafla, na yeye ambaye hafanyi haraka hata nyumba ikiungua, akatupa tonge na kutoka mbio peku. Akarudi amelowa chapachapa, kimya. Alipomuuliza, alisema alikwenda kufunga kidirisha cha juu cha kijiko, kile cha paani, alikiacha wazi kwa sababu ya joto. Basi, yeye akampa kitambaa ajifute, yakaisha. Hayakuisha. Maji yalikuwa yameshaingia, yameshuka nyuma ya kiti, yamelikuta boksi. Ndiyo kwikwi ya jana. Ndiyo sensa mbili zisizo na kosa zilizong'olewa. Na Mpole yuko kwenye miezi ya majaribio, Tajiri alimwambia siku ya kwanza kabisa, uzembe mmoja tu na unga unamwagika. Akaogopa kusema, akalichomoa jioni akalifunga kotini, akalileta kwenye mchele kama simu ya Kamanda, akitumaini kulirudisha kabla mtu hajajua. Mjinga wee! Mjinga wangu mimi!

Furaha ilimjaa kifuani, haikukaa hata pumzi mbili. Maana aliyajua yeye peke yake. Kwa wengine wote, boksi lililofichwa nyumbani kwa opereta ni la wizi tu, na polisi wakija watafukua ndoo na hawatauliza habari za kidirisha.

— Samahani, mama wa buti akasema. Mimi si fundi. Nauliza tu.

— Uliza, mama.

— Hicho kifaa kinasema hakuna mawasiliano na hilo boksi. Mmefungua mkaangalia kama limo?

Skana akagusa kifaa chake shingoni.

— Limo, akasema. Litakwenda wapi?

— Umeliona?

— Mama, boksi halionwi. Linasomwa.

— Wewe baba?

— Mimi kazi yangu ni pampu, Grisi akajibu, akatazama kucha zake.

— Na wewe?

— Mimi ni geti, akasema Kamanda.

Kidogo kidogo macho yakahama: kutoka kwenye kikombe kwenda kwenye kibanda, kutoka kwenye kibanda kwenda kwapani mwa Kamanda, pale alipokuwa ameonyesha jinsi koti lilivyobanwa. Skana akagusa mfuko wake wa spana. Grisi akamzuia kwa kiwiko, akaonyesha birika kwa kidevu. Sheria ni sheria.

— Imebaki nyingi, Shemeji? Skana akauliza, na sauti yake haikuwa ya kuulizia kahawa.

Shemeji akalitikisa birika. Lilikuwa nusu. Nusu ya birika ndiyo iliyosimama kati ya mumewe na neno mwizi. Dirishani, Tajiri aliinua simu, akaitazama saa ukutani, akaiweka tena. Angeweza kukaa pale amimine tone tone mpaka jioni. Angeweza kwenda kulichukua boksi alitupe chooni, na Mpole asiwe na cha kujitetea nacho milele. Akamtazama yule mama wa buti, ambaye hakumshuku mtu yeyote, aliyekuja kutafuta mtaro tu.

— Chukueni, akasema, akaliweka birika katikati ya benchi. Mimineni wenyewe. Leo ni juu yangu.

Wakashangaa. Hajawahi kumwachia mtu birika lile, hata Mpole.

— Unakwenda wapi, Shemeji? aliuliza Kamanda.

— Nyumbani. Narudi.

Akatembea mpaka kona ya ukuta wa yadi, kwa adabu, mgongo umenyooka. Alipopinda kona akakimbia. Mtoto anaruka mgongoni, anacheka, anadhani ni mchezo. Nyumba iko nyuma tu ya ukuta, akasukuma mlango kwa bega, mwiko ukaruka huku, sufuria kule, akainua ndoo nzima kama ilivyo, mchele na kilichomo, akajitwika. Njiani akasema maneno atakayosema, akayabadilisha, akayasahau.

Alipofika benchini, Tajiri alikuwa ametoka nje ya ofisi, simu sikioni, na Mpole nyuma yake. Mpole akaiona ndoo kichwani mwa mkewe. Akasimama palepale kwenye tope.

Shemeji akaitua ndoo juu ya benchi, akazamisha mikono yote miwili, akalitoa. Mchele ukamwagika kutoka kwenye mdomo wa boksi, punje kwa punje, juu ya ubao wa lori.

— Liliingiwa na maji, akasema, na alisema kwa sauti, ili ivuke geti. — Mvua ya juzi. Kidirisha cha juu kilikuwa wazi, alikiacha wazi yeye. Hakuiba. Analikausha. Ndiyo siku moja aliyoomba, ni hii, mbona hamkumuuliza ya nini, mnaulizana nyinyi kwa nyinyi! Hakuiba, jamani. Ni mzembe, si mwizi.

Tajiri alikuwa ameshusha simu kutoka sikioni, mtu wa upande wa pili anasikika akisema haloo, haloo. Mpole alifungua mdomo, akafikiri kwanza, kama kawaida yake.

— Ni kweli, akasema. Niliogopa.

Kamanda akavua kofia, akaivaa tena. Skana akanyoosha kidole aguse vipini, akakirudisha kidole. Grisi ndiye aliyeokota punje moja kwenye mdomo wa boksi, akaitafuna, akasikiliza meno yake.

— Sasa, mama wa buti akauliza kwa upole, limekauka?

Skana akamtazama Grisi. Grisi akamtazama Kamanda. Kamanda akatazama simu yake iliyofufuka, kana kwamba itamwambia. Tajiri, nyuma ya nondo, naye akawatazama wote watatu akingoja, na simu yake mkononi bado inasema haloo.

Grisi akaliinua birika, akalitikisa, akaligeuza juu chini. Halikutoa kitu.

— Limekwisha, akasema.

Wakainuka wote. Kamanda akafungua geti, na Shemeji akatangulia kuelekea kwenye kijiko, boksi kifuani, amelibana kama mtoto wa pili.